Huduma ni nzuri, tunashukuru

"Wazee wangu, mnaionaje huduma yetu hapa?"

Aliyeuliza alisimama mbele ya mabenchi, karatasi mkono huu, kalamu mkono huu. Ilikuwa siku ya kliniki ya sukari na presha kwenye kituo kimoja cha afya hapa Tanga mjini. Wagonjwa walikuwa wameombwa wakishachukua dawa wasiondoke, wabaki kidogo watoe maoni. Mezani pamepangwa soda. Naam, soda, kwa watu wa sukari. Maji yaliletwa baadaye, baada ya minong'ono.

Mama mdogo alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akajitanda vizuri, akatoa salamu, akasema: "Sisi tunashukuru. Huduma ni nzuri, na hawa wanetu wanatuhudumia kwa moyo. Mwenyezi Mungu awalipe kheri." Makofi. Yule bwana akaandika. Waliofuata wakasema hayo hayo kwa maneno mengine, na kikao kikaisha kabla ya adhuhuri.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, namtazama kisogo, sielewi.

Kliniki iliyotangulia, kwenye benchi hilo hilo, nilimdaka asianguke. Alikuwa ametota jasho, mikono inamtetemeka, ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu usiku, kwa kuwa kipimo cha asubuhi kinataka mtu awe amefunga si chini ya muda wa saa nane. Tulifika saa kumi na moja alfajiri. Saa nne jina lake lilikuwa bado halijaitwa. Alipopimwa kwa dharura, sukari ilisoma 3.1, na mtu anayetumia dawa za sukari akishuka chini ya 4 hapo pana hatari. Kilichomrudisha ni chai ya mama muuza maandazi wa nje ya geti, iliyokorogwa sukari tele.

Huduma ni nzuri, tunashukuru.

Maneno hayo yamenikaa kichwani wiki nyingi.

Hakudanganya

Kwenye bajaji, tukirudi Ngamiani, nilimuuliza mbona hakusema. Alinyamaza mpaka tukaingia kwenye zile barabara zetu za namba. Ndipo akanijibu: "Mwanangu, yule sista ndiye atakayenipima mwezi ujao. Halafu niseme kosa lake lipi? Si yeye aliyetoka mbio kunitafutia chai?"

Jibu la kwanza nililitarajia. Mgonjwa wa maradhi ya kudumu hana pa kuhamia. Mwenye malaria atatibiwa, atapona, na akiudhika atakwenda kulalamika na kusahau. Mwenye sukari ataonana na uso ule ule kila mwezi mpaka mmoja wao astaafu au afe. Huuchezei uso huo.

La pili ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kwetu pwani mtu akikukaribisha kwake humwambii wali umeungua. Unakula, unashukuru, unamwombea. Na kile kikao kilikuwa karamu ya namna hiyo: wenyeji wamesimama mbele, vinywaji mezani, wageni wanaulizwa kama wameridhika. Mama mdogo aliombwa atoe hukumu juu ya watu anaowapenda, naye akawatetea. Hakuna aliyemwomba asimulie kilichompata.

Ningekuwa mimi ndiye niliyeulizwa, sijui ningesema nini.

Viti vipo

Si kwamba mgonjwa wa nchi hii hana mahali pa kusemea. Sanduku la maoni lipo ukutani, lina kufuli, na ukiuliza ufunguo anao nani utaambiwa yuko likizo. Kamati ya usimamizi ya kituo ipo, na ndani yake wamo wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha zilipoanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kamati hizo zina kitu cha kuamulia, angalau kwenye karatasi. Na huko nyuma zaidi, Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, yakatamka kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya.

Mmarekani Sherry Arnstein alikuwa ameshalieleza tatizo hata kabla ya hapo. Mwaka 1969 aliuchora ushiriki wa wananchi kama ngazi ya vipandio 8. Cha chini kabisa watu wanaghilibiwa tu. Kuulizwa maoni ni cha nne. Ubia wa kweli unaanzia cha sita. Kikao chetu cha soda, nikikipa alama kwa ukarimu, kilikuwa kwenye cha nne.

Ila sioni kwamba kupanda ngazi peke yake kunamaliza kazi. Mpe mama mdogo uenyekiti wa kamati kesho asubuhi. Mkalishe na yule sista meza moja. Atasema huduma ni nzuri.

Wa Luton walivyofanya

Katika kutafuta-tafuta ndipo nikakutana na kazi ya Paul Bate na Glenn Robert, watafiti wa huduma za afya wa Uingereza. Kati ya mwaka 2005 na 2006 walijaribu njia yao ya kuboresha huduma pamoja na wagonjwa katika hospitali ya Luton and Dunstable, kaskazini ya London, kwenye huduma ya wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. Niliisoma nikiwa na mashaka, maana mambo ya huko yana bajeti ya huko. Ila kuna kitu kimoja walichokiona ambacho hakihitaji bajeti.

Hawakuwauliza wagonjwa wanaionaje huduma.

Waliwakalisha mmoja mmoja mbele ya kamera, wakawaacha wasimulie safari yote: dalili ya kwanza, siku ya kuambiwa, chumba cha kusubiri, dawa, nyumbani. Watumishi nao walihojiwa, tena mapema, kabla ya kukutana na mgonjwa yeyote kikaoni. Masimulizi ya wagonjwa yakaunganishwa kuwa filamu fupi. Wagonjwa waliitazama kwanza wao kwa wao. Watumishi walikutana kivyao. Mwisho ndipo pande mbili zikaingia chumba kimoja, filamu ikaonyeshwa, wakachagua kwa pamoja yanayofaa kubadilishwa, kisha wakagawana vikundi vidogo vya kuyashughulikia, kila kikundi kikiwa na mgonjwa na mtumishi.

Kilichonivutia ni kazi ya ile filamu. Mtu anasimulia mara moja tu, akiwa ametulia, mbele ya mtu asiyemdai kitu. Siku ya kikao halazimiki kuwa shujaa. Maneno yameshasemwa, yanasikika yenyewe, na yeye amekaa kwenye kiti kama wengine. Muuguzi anayesikiliza naye haambiwi "wewe ni mbaya". Anaona binadamu akisimulia asubuhi yake.

Kasoro yake ni muda, maana mzunguko mzima huchukua karibu mwaka. Baadaye, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao walitumia mahojiano ya wagonjwa wa sehemu nyingine yaliyokwisha kuhifadhiwa badala ya kurekodi mapya, muda ukapungua karibu nusu, na mazungumzo bado yakafunguka. Afrika Kusini nako njia hii imetumika na walezi wa watoto wenye utapiamlo pamoja na wahudumu wao. Kwa hiyo si mambo ya Ulaya peke yake.

Nisimulie tangu ulipoamka

Nilimpelekea habari hizi muuguzi anayeongoza kliniki yetu. Nilitarajia anishukuru kwa adabu na kuendelea na kazi zake. Akanisikiliza, akaniuliza kama naweza kuwarekodi wagonjwa kwa simu huko huko majumbani. "Wewe watakwambia," alisema. "Mimi hawaniambii. Nikipita tu wanasema alhamdulillah."

Alikuwa analijua siku zote.

Mganga mfawidhi alikubali kwa masharti: pasitajwe jina, na mwenye sauti akitaka ifutwe, ifutwe bila kuulizwa sababu. Nikaanza na mama mdogo, kisha majirani, kisha mashoga zake wa Makorora na Mabawa. Swali likawa moja: nisimulie siku ya kliniki tangu ulipoamka.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyelalamika. Walisimulia tu, na yaliyotoka yalikuwa makali kuliko lalamiko lolote.

Mzee mmoja anaamka saa tisa usiku. Bodaboda wa saa hizo anatoza mara mbili, kwa hiyo anatembea, na siku za mvua anatembea vile vile. Mama mwingine alisema siku ya kliniki hagusi maji. Nilidhani ni kwa sababu ya kufunga. Kumbe maji yanaruhusiwa, anajua, ila sukari ikiwa juu mkojo hauishi, choo kiko nyuma ya jengo, na ukinyanyuka kwenye benchi nafasi yako imekwenda. Basi anakaa na kiu. Mgonjwa ambaye mwili wake unapoteza maji anajinyima maji ili asipoteze zamu.

Hilo hakuna sanduku la maoni lingelipata. Yeye mwenyewe hakuliona kuwa tatizo la kituo. Alilisimulia kama ujanja wake.

Watumishi nao walikaa kivyao, na hapa sikuwepo. Ila muuguzi alinisimulia, na mengine nilikuja kuyasikia mbele ya wote. Anaacha mtoto amelala. Anafika hajanywa chai. Kabla hajamgusa mgonjwa wa kwanza kuna vitabu vya MTUHA, vya kumbukumbu na takwimu za kituo, na jina moja linaandikwa zaidi ya mara moja kwenye vitabu tofauti. "Ninapoandika sinyanyui kichwa," alisema, "maana nikinyanyua naona benchi zima linanitazama."

Wagonjwa walikuwa wanaamini hanyanyui kichwa kwa sababu anaringa.

Amri isiyo na mwenyewe

Siku ya kukaa pamoja tulikaa wa kuchanganyika, si wao mbele sisi nyuma. Hilo lilikuwa sharti la muuguzi. Sauti zikapigwa kwenye spika ndogo. Ya choo iliposikika, tabibu akashika kichwa.

Kisha likaja suala la alfajiri. Kwa nini watu waje saa kumi na moja na kituo kinafunguliwa saa moja na nusu?

Tabibu akasema hajui, alipohamishiwa hapa alikuta hivyo. Muuguzi akasema yeye alidhani wagonjwa wenyewe wanapenda kuwahi. Wagonjwa wakasema waliambiwa. Na nani? Kila mtu akamtazama mwenzake. Karani akasema pengine ni mwongozo wa wizara.

Aliyejibu ni mama wa usafi. Alikuwa kwenye kikao kwa sababu njia hii inataka kila anayefanya kazi pale awemo, si wenye makoti meupe tu, na nakiri wapo waliolichekea wazo hilo. Yeye alikuwepo kabla ya watumishi wote waliokuwa chumbani, wanahamishwa na kuletwa wengine, yeye yupo. "Zamani mashine ya kupimia sukari haikuwa yenu," alisema. "Mlikuwa mnaazima wodi ya wazazi. Saa mbili wanaidai. Ndiyo mkawa mnawapima alfajiri."

Mashine ya kliniki ilishapatikana zamani. Sababu ilikufa, amri ikabaki hai, na watu wakaendelea kutembea gizani kuitii.

Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi. Wagonjwa walijua maumivu ya amri ile lakini si asili yake. Watumishi waliisimamia, wala hawakujua uchungu wake wala chanzo chake. Aliyekijua chanzo alikuwa na ndoo na fagio, na hajawahi kuulizwa. Hata ungewahoji wote hao mmoja mmoja, ukaandika ripoti nzuri, jibu lisingetoka. Lilitoka kwa sababu walikuwa chumba kimoja na mmoja wao alimsikia mwenzake akikosea.

Waliyoyaamua hayakuwa makubwa. Sukari ipimwe kwanza, mlangoni, kabla ya kutafuta faili, kabla ya uzito, kabla ya presha. Akishapimwa mtu aende akanywe chai yake na kula alichobeba, kadi yake imshikie zamu. Wanaotoka mbali, upande wa Tongoni na Pongwe, waje kundi la pili. Benchi la wanaosubiri daktari lihamishiwe upande wa choo.

Yamefanikiwa? Nusu nusu. Mtu akipimwa kwanza kweli anakula mapema, na hilo nimeliona kwa macho. Ila la kundi la pili limegoma. Watu waliozoea kuwahi kwa miaka hawaachi kwa tangazo la ukutani, na wapo wanaofika saa kumi na moja vile vile, wakikuta geti limefungwa wanakaa barazani na kuongea. Mama mdogo ni mmoja wao. Anasema nyumbani usingizi umeshakatika.

Yaliyotoka bila kuitwa

Kulikuwa na jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda ya mtu yeyote. Katika kusimulia siku zake, mzee mmoja alitaja Ramadhani. Akasema mwezi ule vidonge vyake vya asubuhi anavihamishia futari, avimeze pamoja na vya jioni, ili asivikose.

Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Mzee wangu, vyote kwa pamoja?"

"Vyote. Na wenzangu hivyo hivyo. Kwani ninyi mlitwambia vipi?"

Hawakuwaambia chochote. Kila mwaka mwezi ule vipimo vinavurugika, na kwenye kadi inaandikwa kwamba mgonjwa hafuati maelekezo. Huu ni mji ambao mchana wa Ramadhani hata muuza maandazi wa getini hayupo, na kliniki ya sukari ilikuwa haina neno kuhusu futari na daku. Kupanga upya dozi kwa anayetaka kufunga ni jambo ambalo madaktari wanalijua vizuri, lina miongozo yake duniani, na wapo wagonjwa ambao ushauri wake ni kutofunga kabisa. Lililokosekana ni mtu wa kulianzisha. Wagonjwa waliona aibu kuonekana wanauliza ruhusa ya ibada. Watumishi waliogopa kuonekana wanazuia ibada.

Sasa kliniki ya Shaaban itakuwa na dakika za kuzungumzia hilo, kila mtu na dozi yake. Naliona hili kuwa kubwa kuliko foleni, ingawa ukiweka ripoti mezani foleni ndiyo itakayopigiwa makofi.

Posho

Hapa ndipo nilipokaribia kukata tamaa.

Kabla ya kikao cha pamoja mtu aliuliza, kwa sauti ya chini, kuhusu posho. Sikumlaumu. Nchi hii kikao bila posho wengine hukiita kijiwe. Lakini hesabu ilipoanza kuchorwa, watumishi walikuwa na kiwango chao, na wagonjwa walikuwa na soda. Soda tena.

Mzee anayetembea kutoka saa tisa usiku, aliyeacha shamba siku nzima ili aje kutufundisha kliniki yetu inavyofanya kazi, apewe soda asiyoweza kunywa. Na aliye kazini tayari, kwenye kivuli, alipwe juu ya mshahara.

Wapo wanaosema ukimlipa mgonjwa utamfanya aseme unachotaka. Nimelifikiria sana hilo na silikubali. Kama fedha inapotosha maneno, basi na ya mtumishi ipotoshe. Uingereza, ambako njia hii imetoka, ipo miongozo ya kuwalipa wagonjwa wanaoshiriki katika utafiti na uboreshaji, kwa sababu walishaona kwamba asiyelipwa nauli haji, na anayekuja anakuwa ni yule mwenye nafasi. Kwetu ilimalizika kwa kila mtu kupewa nauli ile ile, mtumishi na mgonjwa, na watu wawili wa upande wa ofisi wakaacha kuja. Kikao hakikupungukiwa kitu.

Nilikuwa pia na hofu ya aina nyingine. Mji wetu unasifika kwa waja leo waondoka leo, na kwenye mambo ya afya huo msemo tumeuishi. Mkoa huu umefanyiwa utafiti mwingi, wa malaria hasa, kuanzia Amani mpaka Korogwe, na mwingi una faida kwa dunia nzima. Lakini muulize mzee yeyote barazani, atakwambia wanakuja, wanaandika, wanatoa damu, wanakwenda. Nilipotoa simu kurekodi, bibi mmoja aliniuliza na mimi nitakwenda wapi nikishamaliza. Nilimwambia naishi barabara ya pili yake. Akaniambia basi kaa.

"Mmetupanga vizuri"

Swali zito kuliko yote liliulizwa karibu na mwisho, na mzee yule yule wa Ramadhani.

"Nimewasikia. Mmetupanga foleni vizuri. Sasa tukifika dirishani tukaambiwa dawa hakuna, kanunue nje, hiyo foleni nzuri inanisaidia nini?"

Chumba kilinyamaza. Mfamasia, kijana, akajaribu kueleza habari za Bohari ya Dawa, maombi yanavyotumwa, yanavyorudi pungufu. Alisema kweli. Lakini nilivyomsikiliza niliingiwa na baridi, kwa sababu niliona jinsi kikao cha namna hii kinavyoweza kugeuka: mgonjwa anaalikwa abuni huduma, anaondoka amefundishwa kuvumilia upungufu. Anaelewa sasa kwa nini dawa hazipo. Anawahurumia watumishi. Na dawa bado hazipo.

Sijapata jibu la kuniridhisha hapo, na sitaki kujifanya ninalo. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla ya kuwaita watu, wenye kuita waseme wazi ni yapi chumba kile kinaweza kuyaamua na yapi hakiwezi. Mpangilio wa asubuhi, kinaweza. Dawa kuwepo rafu nzima mwaka mzima, hakiwezi. Ila wawakilishi wetu kwenye kamati ya usimamizi wanaweza kulibeba pamoja na sauti zile, na fedha za kituo ziangaliwe mbele yao.

Mfamasia, baada ya kutulia, akasema kitu kidogo. Yeye jioni ya kuamkia kliniki huwa anajua ni dawa gani imekwisha. Haambii mtu kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na kusema ukweli anaogopa kuandikwa kwamba kituo hakina dawa. Wakakubaliana aandike kwenye ubao wa getini, na mabalozi wa mitaa waupige picha waisambaze kwenye makundi ya simu. Mtu wa Tongoni atajua kabla ya kutoa nauli. Haileti dawa. Inaokoa nauli, na kwa watu ninaowajua nauli ni chakula cha siku.

Mzee hakupiga makofi. Alisema, "Anza na hilo, tutaonana."

Ambao hawakuwepo

Nikiyapitia yale masimulizi niliyoyarekodi, karibu yote ni ya kina mama na wazee waliokwisha kustaafu. Ni watu wanaokuja kliniki. Aliyeacha kuja hana sauti kwenye simu yangu, na yeye ndiye angetueleza zaidi kliniki ina nini, kwa sababu imemshinda.

Kwa hiyo nimeanza kwenda Deep Sea, jioni, mashua zinapoingia. Wavuvi wenye sukari wapo, na wengi kadi wanazo, zimekaa bila kugongwa mhuri. Mmoja alikubali kusimulia baada ya kuhakikisha jina lake halitajwi. Ana kidonda cha mguu ambacho anakifunga kwa kitambaa na kuingia nacho baharini. Kliniki alikuwa anakuja, akaacha, kwa sababu siku ya kliniki ni siku ya kazi, na mwenye chombo hamngoji mtu. Akaniuliza mbona kliniki haiwekwi Ijumaa baada ya swala, wakati vyombo vingi viko pwani.

Nililipeleka kwa muuguzi usiku ule ule. Alilipenda. Anasema atalifikisha kwa mfawidhi, na kwamba kwa kuwa kazi za serikali huisha saa tisa na nusu alasiri muda utabaki mfupi mno, lakini kupima sukari na kuangalia miguu kunawezekana kama maabara haihitajiki. Kasoro ni kwamba mtu wa maabara Ijumaa mchana hushika pia zamu ya dirisha la dawa ili mfamasia aende msikitini.

Kwa hiyo huyo wa maabara naye ana lake la kusema, na hajaulizwa bado. Nimemwomba nafasi Jumatatu.